Gathogo Anataka Jua la Kipyego

Saa moja kasorobo asubuhi. Bi Nyaguthii amesimama langoni pa boma lao, nje kidogo ya mji wa Eldoret. Amevaa sweta mbili na ameshika ubao uliobandikwa karatasi inayong'aa, kama mtu aliyebeba sinia. Nyuma yake jua linachomoza juu ya mahindi. Mbele yake mumewe, Gathogo, amechuchumaa na kamera.

"Inua kidogo," anamwambia. "Sasa inamulika shingo. Mimi nataka uso."

"Baba Wamucii, mikono imekufa ganzi, na ng'ombe hawajakamuliwa."

"Watangoja."

Gathogo, mwenye miaka 54, anapiga watu picha tangu 1961. Fundi aliyemfunza alimpa sheria moja, kwamba jua likae mgongoni mwa mpiga picha. Ameishika mpaka leo. Wateja wake wote wamekunja macho, lakini wanaonekana vizuri mpaka viatu.

Miaka mitatu iliyopita akaja Kipyego, akafungua studio ng'ambo ya barabara. Kipyego huliweka jua nyuma ya mteja. Nywele za bibi harusi zinawaka pembeni, na uso bado unaonekana. Watu wakahama. Gathogo aliyekuwa akipiga picha arobaini kwa wiki sasa akifikisha kumi anashukuru.

"Nilimwonea wivu, na bado namwonea," anasema bila haya. "Nikipita kwake naangalia upande ule mwingine, halafu narudi kuchungulia. Ile picha ya dirishani ningeweza kukuchorea."

Alidhani siri ni kamera. Mwaka jana akauza mtamba, akanunua kamera kama ya Kipyego, akaenda nayo kwenye harusi katika mji mdogo wa Ziwa. Akaligeukia jua kwa mara ya kwanza maishani. Filamu ya rangi ilikaa Nairobi wiki mbili ikisafishwa, na iliporudi, bibi harusi hakuwa na uso. Palikuwa na kivuli kilichovaa shela.

"Nyanya yake aliniuliza kama huyu ni mtu amekufa," anasema. "Nilirudisha pesa yote."

Maneno hayo yalifika mjini kabla yake. Yalimfikia hata binti yake, Wamucii, mwalimu wa shule ya msingi Cheptiret, ambaye anaolewa Jumamosi hii. Wamucii alikuja nyumbani kusema ameshaongea na Kipyego.

"Aliniambia, 'Baba, harusi ni mara moja,'" Gathogo anakumbuka. "Nilijifungia chumba cha giza nikasema nasafisha filamu. Nilikuwa nalia. Mtoto wangu mwenyewe, na yule mtu."

Mwezi uliopita alishindwa kuvumilia. Alifika kwenye harusi moja katika kijiji cha Plateau bila kualikwa, akasimama nyuma ya lori la magunia kumpeleleza mwenzake. Hapo ndipo alipomwona Rael, mke wa Kipyego, akiwa na ubao mbele ya bibi harusi, akiurudishia uso wake mwanga. Ubao wenyewe ulikuwa umebandikwa karatasi ya fedha, ile ya ndani ya masanduku ya majani chai.

"Mimi nimeuza ng'ombe," anasema Gathogo, "na yeye ameokota karatasi dukani."

Tangu siku hiyo mkewe hana asubuhi yake. Picha za kwanza zilimulika kidevu tu, nyingine zikamfumba macho. Gathogo husafisha mwenyewe zile za rangi nyeusi na nyeupe, na kuzianika kwenye kamba studioni, chini ya picha ya Rais. Juzi alimpa Wamucii moja.

"Aliishika muda mrefu. Akaniuliza, 'Kumbe Mama ni mrembo hivi?'"

Hata hivyo hakumfuta kazi Kipyego. Alimkumbusha baba yake kwamba yeye ndiye atakayemshika mkono kuingia kanisani, na mikono ni miwili tu. Gathogo alikubali, kisha akauliza Kipyego anafika saa ngapi. Akaambiwa saa tatu.

"Saa tatu jua limepanda, halikai tena nyuma ya kichwa," anasema, akiifunika kamera kwa kitambaa. "Wamucii ameniahidi atatoka hapa langoni saa moja, akiwa amevaa tayari. Mama yake atashika karatasi. Kipyego akija, nitamkaribisha chai mimi mwenyewe, nikae nimwangalie akitafuta jua."