Chupa Namba Tatu

Mimi ni fundi viatu, na majirani wanasema mdomo wangu una makali kuliko sindano zangu. Nalisema hilo mapema ili nikifika mahali nilipokosea msidhani nimejificha.

Benchi langu liko upande mmoja wa njia. Upande wa pili, hatua kama kumi na tano, ndipo kilipo kisima cha pampu cha Bibi Kitambaa. Tumetazamana hivyo miaka ishirini na miwili, yeye akipampu, mimi nikipigilia misumari. Jina lake la kuzaliwa wanalijua wachache. Hili la pili alilipata kwa kile kitambaa cheupe alichokitupia begani kila asubuhi. Ukimpelekea dumu, kwanza anashusha kitambaa, anakiviringa kwenye vidole viwili, anapangusa mdomo wa dumu ndani na nje, halafu kifuniko, ndipo anajaza. Hata uwe unakimbizwa na polisi, utasubiri upanguziwe. "Kitu cha kunywa hakiondoki kwangu na vumbi mdomoni," anakwambia, wala hakutazami usoni. Watu walipita visima viwili njiani ili waje kwake.

Alikuwa mkali, na kwa hilo tulielewana. Akinisikia nagonga sana ananiuliza kama leo natengeneza kiatu au mlango wa jela. Nami namuuliza kama maji ya leo ameyachuja au ameyaombea tu. Mumewe alikufa zamani, binti yake akamfuata, akaachiwa mjukuu wa miezi minane. Kile kisima ndicho kilichomlisha yule mtoto, kikamvisha sare na kumnunulia madaftari. Hawakuwa na kingine, si shamba, si mjomba wa kuwatumia chochote.

Nami nina deni la fadhila kwake. Binti yangu alipokuwa na mwaka mmoja na nusu tumbo lilimwendesha siku sita mfululizo, akabaki macho tu. Bibi Kitambaa, ambaye hafungi kisima hata akiwa na homa, alikuwa akifunga kila alasiri na kuja wodini na chupa ya maji. Mke wangu alikuwa ameishiwa nguvu, mimi nilikuwa nimeishiwa akili. Bibi alipangusa kikombe, akamnywesha mwanangu kijiko kwa kijiko mpaka akapona. Tangu siku hiyo namwita Mama, na simwiti hivyo kwa adabu tu.

Mtoto huyo sasa yuko darasa la sita na nyumbani tunamwita Hakimu, kwa sababu hana dogo. Ukikata mkate vipande visivyolingana, atakusomea mashtaka.

Muhula ule mwalimu wao wa sayansi, kijana wa kike mwenye sauti ndogo na mipango mikubwa, aliwagawa wanafunzi katika makundi na kuwataka kila kundi litafute tatizo moja la mtaa na kulifanyia kazi. Kundi moja lilizibua mitaro. Jingine lilichora ramani ya mashimo ya barabarani, na likachora hadi shimo la mlangoni kwa mwalimu mkuu. Kundi la Maji lilikuwa na watu wanne: Hakimu akiwa kiongozi, mjukuu wa Bibi Kitambaa, na mapacha wa dereva wa lori, ambao mmoja huanza sentensi na mwenzake akaimalizia. Walipewa chupa ndogo zilizochemshwa, kila moja na karatasi yenye dawa ndani. Unatia maji, unafunga, unaiacha mahali penye joto. Maji yakiwa na uchafu wa chooni, chupa inageuka nyeusi siku ya pili au ya tatu. Kila chupa iliandikwa namba tu, na ni wale wanne waliojua namba ipi ni ya kisima kipi. Masharti yalikuwa mawili. Matokeo yote yanasomwa mbele ya wazazi siku ya Ijumaa, na karatasi ya kundi haipokelewi bila saini za wote wanne.

Ijumaa hiyo alialikwa pia afisa afya. Mwaka uliopita, baada ya ugonjwa wa kuhara kuua watu watano bondeni, afisa huyo alifunga visima viwili kwa mnyororo na kufuli. Mpaka leo kufuli zinaota kutu pale pale.

Walichota maji Jumamosi. Jumatatu jioni Hakimu alirudi nyumbani akakaa mbele ya sahani bila kuigusa. Mama yake akamshika paji la uso. Mimi nikamuuliza ni nani amemwonea.

"Namba tatu imegeuka nyeusi, Baba."

"Namba tatu ni ya nani?"

Alitazama mlango kwanza. "Ya Bibi."

Akilini nikamwona Bibi akiwa amekaa nje ya mlango wake, pampu imefungwa mnyororo, na yule mjukuu akiwa bila sare. Nikasema neno la kwanza lililonijia.

"Itupe hiyo chupa. Sema ilivunjika."

"Siwezi."

"Huwezi au hutaki?"

"Sisaini uongo, Baba. Na watu wakinywa je?"

Hapo nikapandwa na hasira. Nikapiga meza mpaka chumvi ikamwagika. Nikamwambia kwamba huyo Bibi ambaye yeye anataka afungiwe kisima ndiye aliyemrudisha duniani kwa kijiko, na kwamba kama shule inafundisha watoto kusahau wema, basi kesho abaki nyumbani. Aliinuka, akafuta chumvi, akaenda kulala na njaa. Mke wangu aliniangalia kwa jicho ambalo sikulipenda, na haki yake.

Kesho yake baada ya masomo mjukuu wa Bibi alikuja kwenye benchi langu na kiatu kilichoachama mbele. Ulikuwa ufa ambao ungeweza kusubiri wiki nzima, lakini nilijua hakuja kwa ajili ya kiatu. Akaketi kwenye kibao cha wateja, mguu mmoja wazi, akimtazama bibi yake ng'ambo ya njia. Nikashona polepole.

"Hakimu amekuambia," akasema.

"Ameniambia."

"Mimi ndiye niliyeshika chupa. Niliishika vizuri, Fundi. Niliosha mikono kwa sabuni, kama mwalimu alivyotuonyesha. Bibi akaichukua, akapampu."

"Kisima ni kirefu kile," nikasema. "Kimejengewa vizuri. Hata mimi sielewi."

Ng'ambo mama mmoja alikuwa ameleta dumu. Bibi akashusha kitambaa, akapangusa. Akaja mpiga rangi na ndoo yake, amevuja jasho, Bibi akampa kitambaa afute uso. Kisha akajipangusa mikono yake mwenyewe, akapangusa mkono wa pampu. Akaja mtoto aliyebebeshwa mdogo wake mgongoni, kamasi hadi mdomoni. Bibi akamfuta yule mdogo pua, akakunja kitambaa upande wa pili, akapangusa mdomo wa dumu lao. Miaka ishirini na miwili nimeyaona hayo. Niliyaona kama mtu anavyouona ukuta wa nyumba yake.

Yule mtoto hakuwa anaona ukuta. Shingo ilimwinuka.

"Fundi, siku ile aliipangusa chupa yetu."

"Anapangusa kila kitu."

"Kabla ya kutia maji. Aliingiza kidole ndani." Akasimama. "Kile kitambaa anakifua Jumapili. Sisi tulikuja Jumamosi."

Akaondoka mbio na kiatu kimoja. Nilibaki na cha pili mkononi, sindano imekwama katikati ya ngozi.

Kabla jua halijashuka wakarudi wote wanne na chupa tatu mpya. Hakimu hakunitazama. Bibi akawapokea kwa bashasha, akashusha kitambaa.

"Bibi, hizi mbili usizipanguse," mjukuu wake akasema.

"Kwa nini? Nimeota ukoma?"

"Ni masharti ya mwalimu," pacha mmoja akasema.

"Halafu ya tatu upanguse kama kawaida," akamalizia mwenzake.

Bibi alinuna. Akapaza sauti hadi ng'ambo. "Fundi, unawasikia hawa? Tangu nianze kazi hii sijatoa chombo bila kukipangusa. Leo nakosolewa na watu waliong'oka meno juzi."

Watu waliokuwa kwenye foleni wakacheka. Mimi nilijifanya natafuta gundi. Yeye alidhani ni mchezo wa shule, na mimi nilijua kwamba ama kisima chake au kitambaa chake kimo hatarini, nikashindwa kumwambia. Niliona aibu, tena aibu ya mtu mzima, ambayo haina pa kuishia.

Kuanzia hapo hadi Ijumaa sikuharibu kiatu kimoja, niliharibu vinne. Jumatano hakuna chupa iliyobadilika. Alhamisi vilevile. Hakimu alinipa habari hizo kwa kifupi, kama karani anayemsomea mshtakiwa. Kama zote tatu zingebaki nyeupe, basi isingejulikana ile ya kwanza ilipata wapi weusi, na afisa angefunga kwanza, akauliza baadaye. Ndivyo alivyofanya bondeni.

Ijumaa saa nne darasa lilijaa. Wazazi tulikaa kwenye madawati ya watoto, magoti kifuani. Bibi Kitambaa alikuja akiwa amevaa nguo yake nzuri, na kile kitambaa kilichofuliwa upya kikiwa begani, amekikunja vizuri. Akaketi mbele kabisa, akanionyesha kwa kidole mahali mwanangu alipokuwa, kana kwamba simjui. Afisa afya alikaa pembeni na daftari juu ya paja. Meza ya Kundi la Maji ilifunikwa gazeti, na sikuweza kuona kilichokuwa chini yake.

Hakimu akasimama, akasoma namba moja na mbili. Safi. Kisha akanyanyua chupa nyeusi.

"Namba tatu. Kisima cha Bibi Kitambaa."

Darasa lote likaguna. Bibi hakuguna. Alitazama ile chupa, halafu akamtazama mjukuu wake, na mkono wake ukaenda begani ukabaki pale. Afisa alishafungua kalamu. Mimi nilisimama, sijui nilitaka kusema nini, nikagonga goti kwenye dawati. Hakimu akanitazama kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu na kusema, kwa upole, "Baba, hatujamaliza."

Mjukuu akaondoa gazeti. Chini yake kulikuwa na chupa tatu. Mbili zilikuwa nyeupe kabisa. Ya tatu, ambayo Alhamisi jioni ilikuwa nyeupe kama wenzake, ilikuwa nyeusi.

"Hizi zote ni za Jumanne, za kisima kimoja, kwa wakati mmoja," akasema. Akazigusa moja moja. "Hizi mbili Bibi hakuzipangusa. Hii aliipangusa. Maji ya kisima ni mazuri. Uchafu uko kwenye kitambaa."

Afisa akaja mezani. Akanyanyua chupa moja moja kwenye mwanga wa dirisha, akasoma karatasi na kuhesabu saini. Akawauliza walichemsha chupa muda gani, nani alizishika, na mapacha wakamjibu kwa zamu mpaka akatabasamu. Mwishowe akasema kisima kitaendelea kufanya kazi, ila kitambaa kisitumike tena, na kila mtu aje na chombo alichokiosha mwenyewe. Watu wakapiga makofi. Nilipiga mpaka viganja vikauma. Nilikuwa na furaha tupu, nasema kweli, nikamvuta Hakimu na kumwomba radhi mbele ya mama yake. Akasema amenisamehe ile meza, ila ile ya kubaki nyumbani bado anaifikiria.

Bibi peke yake ndiye ambaye hakupiga makofi. Alikuwa ametoa kitambaa begani na kukishika mapajani, akikikunja mara mbili, mara nne, mpaka kikawa kidogo cha kuingia kiganjani.

Jumamosi alifungua kisima kama kawaida. Foleni ilikuwa ndefu kuliko siku zote, kila mtu na dumu lililosuguliwa mchanga, na wote walimtania, naye akawajibu moja moja. Ila kila dumu lilipofika mbele yake, mkono wa kulia ulipanda begani, ukakuta patupu, ukashuka.

Mchana foleni ilipoisha nilivuka njia na dumu langu, Hakimu akiwa nyuma yangu na kifuniko. Bibi hakuchukua dumu. Alimtazama mwanangu kuanzia miguuni hadi kichwani, kama anayempima nguo.

"Huyu alipougua tumbo," akaniambia, "alikuwa anakunywa maji ya wapi?"

Nilikuwa na jibu tayari. Nilikuwa nimelitengeneza tangu darasani, nilipoona anakunja kile kitambaa: hayakuwa maji, yalikuwa maziwa yaliyolala. Lilikuwa jibu zuri na lingemtosha. Lakini Hakimu alikuwa amesimama ubavuni pangu, kifuniko mkononi.

"Ya hapa, Mama," nikasema.

"Na kule wodini nilimpangusia kikombe."

"Ulimpangusia. Na akapona."

Akatikisa kichwa polepole. Sikujua kama alikuwa anakubali au anahesabu watoto wengine wa mtaa, wale waliopona na wale ambao hawakupona. Alichukua dumu, akaliweka chini ya pampu, akalijaza hadi shingoni. Kisha akarudi nyuma hatua moja, mikono yote miwili nyuma ya mgongo, akamwambia Hakimu, "Funga wewe, mwanangu."