Mjane anayeitafuta harufu ya mumewe kwa pua za wenzake

Saa mbili asubuhi, baridi ya kipupwe bado imekaa kwenye ngazi za jengo la maduka kama mgeni asiyejua kuaga. Mwanamke aliyevaa sweta mbili anafungua mlango wa duka lililo chini ya ngazi hizo, duka jembamba ambalo wateja wawili wakikutana ndani, mmoja lazima atoke kinyumenyume.

Anashusha chupa ndogo ya rangi ya chai, anachovya mrija wa kioo, anadondosha tone moja kwenye kipande cha sufu. Kisha anakifumbata kiganjani na kusubiri. Hakinusi. Anampa mteja wa kwanza, dereva wa lori aliyekuja kumnunulia mkewe manukato.

"Nusa, kaka. Usiniambie ni nzuri au mbaya. Niambie ni mtu gani."

Dereva ananusa, anakunja uso, ananusa tena. "Ni mwanamume," anasema. "Mtu mzima. Ametoka nje kwenye baridi, ana koti zito. Si tajiri, ila nyumbani kwake hapakosi kuni."

"Ungemwamini?"

"Huyu? Ningempa funguo za lori."

"Basi si yeye," mwanamke anasema na kucheka. "Yule hata toroli lilimshinda kuligeuza."

Anayemtafuta ni marehemu mumewe, fundi seremala aliyefariki kipupwe cha mwaka juzi kwa ugonjwa wa mapafu. Tangu wakati huo, mjane huyu ambaye jengo zima humwita Mama Pua amekuwa akichanganya manukato ya kiume ya msimu wa baridi, yenye joto na harufu ya mbao. Ameshamwaga michanganyiko mingi kuliko aliyoiuza. Anataka jambo moja tu: harufu ya mumewe irudi ndani ya nyumba.

Kinachomtesa ni kwamba yeye mwenyewe haijui.

"Pua ni kama mlinzi wa getini," anaeleza. "Mgeni akija, hupiga kelele. Mwenye nyumba akipita, hata hainui kichwa. Niliishi na yule mtu miaka ishirini na tisa. Mwanzoni nilimsikia, halafu nikamzoea, nikawa sisikii kitu. Ningejua, ningesafiri hata mwezi mzima ili nirudi nimsikie mlangoni."

Nguo zake je? Mama Pua anatazama pembeni. Baada ya mazishi, wifi zake walimhurumia, wakakusanya kila alichokuwa akivaa marehemu, makoti kwa mashati, wakafua.

"Walinisaidia, siwalaumu," anasema. "Lakini walitumia sabuni ya maua. Nilitoka uani nikakuta kamba nzima imejaa nguo za mtu ambaye hajawahi kuzaliwa."

Wapo wanaodhani manukato ni mchezo wa wenye nafasi, kitu cha kupulizia shingoni kabla ya harusi. Waje wakae chini ya ngazi hizi asubuhi moja. Watamwona mwanamke ambaye kodi ya duka humlia nusu ya mapato yake, akitumia mafuta yake ghali kumwita mtu asiyeitika.

Alianza na vitu alivyokuwa na hakika navyo. Mwerezi, kwa kuwa mumewe alipenda kuuranda. Sandali kidogo, kulainisha. Pilipili manga, kwa ule ukavu unaokuna pua karakana inapofunguliwa asubuhi. Tone la vanila lililojificha nyuma kabisa, kwa sababu gundi ya mbao ikipashwa moto huwa na utamu wake.

Matokeo yalikuwa mazuri. Yalifunguka makavu kama maranda yanayoanguka chini ya randa, kisha yakapata joto polepole, mwisho yakatulia kama harufu ya ndani ya droo ya zamani. Mfanyabiashara mmoja wa jumla aliyanusa akataka yote. "Mama, kipupwe hiki kila mwanamume anataka kunukia mbao," alimwambia. "Taja bei yako."

Alikataa. "Nitamuuzaje mtu ambaye bado sijampata?"

Ndipo alipokwenda karakanani kwa mzee wa kupaka vanishi aliyefanya kazi na mumewe bega kwa bega. Mzee huyo alipopewa kipande cha sufu, alikirudisha mara moja.

"Shemeji, mimi nimenusa vanishi tangu sijaota ndevu. Hata nyumba yangu ikiungua nitaambiwa na majirani." Akafikiri kidogo. "Ila kama unamtaka kamili, umesahau tumbaku."

"Tumbaku? Aliniapia ameacha!"

"Aliacha, shemeji. Aliacha kwako."

Mama Pua anasema alicheka mpaka akashika meza, na kicheko kikageuka kilio kabla hajajua. Njia nzima ya kurudi aligombana na maiti. Alipofika dukani, aliongeza tumbaku.

Hata hivyo alihitaji pua moja ya kuamua, na alijua ni ya nani. Mtoto wao wa pekee, binti ambaye leo ni muuguzi katika mji mwingine, aliondoka nyumbani mapema kwenda shule ya bweni. Kila likizo aliingia mlangoni, akaficha uso kifuani kwa baba yake na kusema, "Baba, unanukia nyumbani." Kwa sababu alikuwa akienda na kurudi, hakuwahi kumzoea. Harufu ile yeye anayo.

Lakini binti alikataa. Mama alipopiga simu, alijibiwa, "Mama, usinifanyie hivyo. Baba si dawa ya kupimwa." Chupa alizotumiwa alizifungia kabatini bila kuzifungua.

"Mwanzoni niliogopa isiwe yeye," binti anaeleza. "Baadaye nikaogopa zaidi iwe yeye."

Leo, adhuhuri, amekuja. Amesimama kwenye mlango wa duka na begi lake begani, akimtazama mama yake kuanzia kichwani hadi miguuni.

"Sweta mbili, Mama? Kwa nini huweki hita?"

"Hita inaharibu mafuta. Umekonda."

"Sijakonda. Leta."

"Nilete nini? Pumzika kwanza, unywe hata chai."

"Mama, leta kabla sijabadili nia."

Mama Pua anashusha chupa. Tone la kwanza linaangukia mezani. La pili linaingia kwenye sufu. Anaifumbata. Binti ananyoosha mkono.

"Bado," mama anasema. "Pumzi ya kwanza ni mchumba, huja amejipamba. Subiri mume afike."

Wanasubiri. Mteja anatokeza kichwa mlangoni, anaziona nyuso zao, anaondoka bila kuuliza bei.

Binti anapokea sufu, ananusa mara moja. Anaishika kwa mikono miwili, anaficha uso ndani yake, na mabega yake yanaanza kuruka kama ya mtoto aliyechapwa. Mama anamwacha alie. Halafu, kwa sauti ndogo, anauliza:

"Ndiye?"

"Ndiye, Mama. Ndiye mwenyewe. Na tumbaku yake."

"Hata wewe ulijua?"

"Mama, mtaa mzima ulijua."

Wanacheka huku wamelowa machozi. Kisha Mama Pua anaichukua sufu. Anainusa kwa mara ya kwanza leo. Anainusa tena, macho ameyafumba, uso wake ukiwa kama wa mtu aliyekwenda kupokea abiria na sasa gari limebaki tupu.

"Ni manukato mazuri," anasema hatimaye. "Yana joto, yana uzito wa kiume. Kijana yeyote akiyavaa atapendeza." Anaiweka sufu mezani. "Lakini simjui."

Binti anamshika mkono. "Mama..."

"Usinibembeleze, mwanangu. Umenipa nilichokuomba."

Hatauza mchanganyiko huo kipupwe hiki, anasema. Chupa atakwenda nayo nyumbani. Kila siku atatia tone kwenye mto wa upande wa mumewe, kwenye kiti chake, nyuma ya mlango. Majirani watasema amerukwa na akili, na waseme, mdomo haulipiwi ushuru.

"Kwa sasa nitamsikia kila kona, kwa sababu ni mgeni," anasema. "Nitamvumilia. Nitapika yupo, nitafagia yupo, nitalala yupo. Taratibu nitamzoea. Na siku nitakayoingia chumbani nisisikie kitu chochote, nitajua amerudi."