Daraja la Vijiti vya Michai

Kuna duka la vifaa vya shule karibu na stendi ya Nyeri ambalo huuza magome makavu ya mgomba. Yamekatwa urefu sawa, yamefungwa kwa mpira, yamepangwa rafuni kando ya kalamu na gundi. Mzazi ana migomba nyuma ya jiko lake, lakini mtoto akiambiwa alete vifaa vya kujiokotea, mzazi huyo hupanda gari kuja mjini kuvinunua. Nimewaona kwa macho yangu wakipanga foleni. Mara ya kwanza nilicheka. Siku hizi ninanuna tu, maana mimi ni mtu wa hasira za karibu, na wanafunzi wangu wote wanalijua hilo.

Ninafundisha somo la ufundi katika shule iliyo juu ya mji, katikati ya mashamba ya chai. Hatuna karakana. Tuna darasa la mabati lisilo na dari, madawati, na meza moja yenye mguu mbovu. Mwaka mmoja gredi ya tisa walipewa mradi wa kujenga daraja dogo kwa vitu vya bure, lipitie juu ya pengo kati ya madawati mawili na libebe nusu ndoo ya mchanga. Mkaguzi angekuja kuziona kazi zenyewe, azipige picha na kuzipa kiwango. Kiwango hicho kingeingia kwenye matokeo ya mwisho ya mtoto, yale yanayoamua ataenda sekondari gani ya juu na kusoma mkondo gani.

Viwango vyenyewe vimebandikwa ukutani, na lugha yake ni tamu kweli. Mtoto huzidisha matarajio, hufikisha matarajio, hukaribia matarajio, au huwa mbali na matarajio. Matarajio ya nani, ukuta hausemi.

Kulikuwa na msichana mmoja katika darasa hilo ambaye alitaka mkondo wa sayansi na uhandisi, na alilisema waziwazi mbele ya wenzake, jambo ambalo kwetu linahitaji moyo. Mama yake alichuma chai katika mashamba ya watu. Alama za mtoto zilikuwa zimesimama ukingoni kabisa. Niliketi naye, nikazipigia hesabu, nikamwambia ukweli: mradi ukienda vizuri, atapita, ukienda vibaya, sijui. Alinisikiliza, kisha akatazama juu kwenye paa.

"Tichaa, mbona hizo mbao zimekaa pembetatu?"

Alikuwa anatazama kenchi, zile mbao zinazobeba mabati. Miaka yote niliyofundisha chini ya paa lile, hakuna mtoto aliyewahi kuniuliza swali hilo. Nilimwambia achukue vijiti vinne aviunge kama mraba, ausukume kwa kidole, kisha afanye hivyo kwa vitatu. Alifanya. Mraba ulilala, pembetatu ikagoma. Alicheka kwa sauti, na mimi, kusema kweli, nilifurahi kuliko siku niliyopata kazi.

Alijenga daraja lake kwa vijiti vya michai, yale matawi yanayobaki chini chai ikipogolewa, ambayo watu huyaokota kwa kuni. Ni miti migumu kama mifupa. Alivifunga kwa magome ya mgomba aliyoyalowesha kwanza yalegee. La kwanza lilivunjika. La pili pia. Hapo ndipo nilipowafundisha darasa zima jambo ninaloliamini kuliko yote: ukijenga kitu, kipakie mpaka kivunjike, kwa sababu kitu kisichovunjwa hakijakuambia udhaifu wake uko wapi. Usisimame kwenye nusu ndoo kwa sababu umeambiwa nusu ndoo. Endelea. Waliandika. Wengi waliandika tu, kisha wazazi wao wakaenda kwa fundi wa pale barabarani, anayetengeneza vitanda na majeneza.

Siku ya mkaguzi, madaraja yalipangwa kwenye veranda. Mengi yalitoka kwa fundi yule yule, na veranda nzima ilinuka vanishi ya msibani. Moja lilikuwa na taa ndogo za betri. Jingine lilikuwa na bendera ya taifa kila upande. La msichana wangu, la tatu hilo, lilikaa mwisho, limepinda kidogo, nyuzi za mgomba zikining'inia.

Mkaguzi alichelewa kwa sababu ya tope. Alikuwa kijana mpole, na hilo ndilo linaloniuma zaidi, kwamba sina hata mtu mbaya wa kumlaumu. Alipofika kwenye yale ya vanishi niliuliza kama tutundike ndoo.

"Aa, hapana mwalimu. Tutaharibu kazi ya watoto. Hii inaonekana tu iko strong."

Akapiga picha, akaandika, akasonga. Moja baada ya jingine, bila hata konzi moja ya mchanga. Nilikuwa ninatafuna shavu langu kwa ndani.

Msichana hakungoja kuulizwa. Alitundika ndoo akaanza kumimina mchanga. Nusu ndoo, daraja likatulia. Ndoo ikajaa, likatulia. Watoto wakaacha kupiga kelele. Mkaguzi mwenyewe alisema, "Ati nini?" akainua simu apige picha, lakini simu ilikuwa imejaa, ikamwambia afute kwanza. Akainama kufuta picha za shule alizopita. Msichana akaweka jiwe juu ya mchanga, kisha jingine. Nilisikia vijiti vikilia. Uso wake ulikuwa karibu kabisa na lile fundo la katikati, akilichungulia, na nilijua anafanya nini. Alikuwa anataka kuona ni wapi.

Likavunjika. Ndoo ikaanguka, mchanga ukamwagika hadi kwenye viatu vya mkaguzi, na msichana akaruka juu mikono hewani.

"Ni hapa, tichaa! Ni kwa fundo, si kwa kijiti!"

Watoto walipiga makofi. Mkaguzi alipiga makofi pia. Kisha simu yake ikawa tayari, akapiga picha.

Nilimwona akiandika, nikasogea nisome. Mbali na matarajio.

"Lakini umeona," nilimwambia. "Umeona kwa macho yako. Imebeba zaidi ya mara mbili."

"Nimeona, mwalimu. Hata mimi nimeshangaa. Lakini sistimu inataka picha moja ya kazi iliyokamilika, na hii imevunjika. Nitaandika aje? Nikiweka imezidisha, na picha ni ya takataka, ni mimi nitaitwa."

Nilimwomba saa moja tulifunge upya. Alikuwa na shule nyingine kabla ya mvua. Nilimwomba arudi kesho. Alinitazama kwa huruma, kama mtu anavyomtazama mgonjwa, akaingia kwenye gari. Madaraja yote ya vanishi yalifikisha matarajio, na lile la taa za betri lilizidisha.

Nilishuka ofisi ya elimu mjini mara nyingi. Nilitumwa mlango huu na ule, nikapandishwa na kuteremshwa ngazi, hadi mama mmoja mwenye miwani akaniambia kwa upole kwamba sistimu imeshafungwa. Mwalimu mkuu alinikuta nimeketi peke yangu darasani, akanikumbusha kuwa kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Nilimjibu vibaya. Koleo la nani? Na huyo mhunzi atapelekwa shule gani?

Alipelekwa shule isiyo na maabara, mkondo ambao hakuuchagua. Labda angekosa hata bila daraja lile. Nimejaribu kujifariji hivyo na haikusaidia. Watu wa huku hupenda kusema mtoto mwerevu hatapotea. Anapotea. Nimewaona wakipotea mchana kweupe, wakiwa wamevaa sare, na sisi tukiwapigia makofi.

Shule zilipofunguliwa alikuja na mama yake kuchukua karatasi zake. Mama alikuwa bado amevaa aproni ya plastiki ya kuchumia chai, vidole vimeingia weusi wa majani. Hakuketi nilipomkaribisha. Alisimama mlangoni, msichana nyuma yake akitazama nje.

"Mwarimu, nikuulize kitu, si kwa ubaya. Hii maneno ya hiyo daraja. Ni wewe ulimwambia avunje?"

"Ni mimi, mama."

"Ulimwambia kabisa? Avunje?"

"Nilimwambia apakie mpaka ivunjike. Ndivyo inavyofanywa. Hakukosea hata kidogo. Kazi yake ndiyo iliyokuwa nzuri kuliko zote."

Alifuta mikono kwenye aproni ingawa ilikuwa mikavu.

"Aliniambia hivyo," alisema. "Ile siku alikuja mbio akiwa na furaha, akaniambia, mama, nimeivunja, mwarimu alisema tuvunje. Nikasema huyu ananidanganya, mwarimu gani anaweza kutuma mtoto avunje kitu yake na ni ya mtihani? Nikamchapa. Nilimchapa sana, mwarimu, mpaka akasema ni uongo."

Nilimgeukia msichana. Hakugeuka.

"Kumbe nilimchapa bure," mama akasema, na sikujua kama alikuwa ananiambia mimi au anamwambia mtoto wake.

Msichana alishika upindo wa aproni ya mama yake akamvuta taratibu.

"Twende, mama. Nilishakubali ni uongo."