Verna Heikkila na Mnyororo wa Ziwa Hanna

Verna Heikkila hakuwa mtu wa kugombana na watu, ila watu walikuwa na tabia ya kumchokoza. Hivyo ndivyo alivyojieleza mwenyewe, na mji mzima wa Pike Landing, huku juu kaskazini mwa Michigan, ulimsikiliza ukanyamaza. Nusu ya watu wake aliwapikia yeye chakula cha mchana shuleni, tangu wakiwa na meno ya utoto. Mtu aliyewahi kukurudishia sahani kwa sababu hujamaliza karoti, humbishii hata ukishaota ndevu.

Alikuwa mfupi, mpana, mwenye mikono ya mtu aliyezoea kukanda unga na nyonga moja ya chuma aliyowekewa hospitalini. Kanisani alikwenda, sauna, kile chumba cha kuogea mvuke, alikwenda kila Jumamosi, na kila kiangazi alikwenda kulala msituni. Hilo la mwisho alilishika kuliko yote, hata kuliko kanisa, ingawa mchungaji hakuambiwa.

Nani asiyejua mambo ya msitu wa serikali? Hulipi, huandikishi jina, huombi ruhusa ya mtu. Choo hakuna, bomba hakuna, na hakuna wa kukuonyesha pa kulala. Unaifuata barabara ya wakata magogo mpaka inapoishia, unatafuta tambarare iliyo mbali kidogo na maji, unapiga hema. Ukikuta mtu kakutangulia, unampungia mkono unakwenda mbele. Mwisho wa kukaa ni wiki mbili; zikiisha unang'oa vigingi, unamwagia moto maji mpaka majivu yashikike kwa mkono, unabeba taka zako, na unamwachia anayekuja kuni kavu chini ya magome ya mti. Watu wa huku wanaulinda utaratibu huo kuliko wanavyolinda ndoa zao.

Verna na marehemu mumewe, Arvid, walifanya fungate Ziwa Hanna kwa sababu hawakuwa na pesa za hoteli. Baadaye pesa walizipata, na hoteli hawakwenda. Pale ziwani pana uwanja mdogo wa nyasi chini ya misonobari, mwamba unaoteremka taratibu mpaka majini, na ng'ambo msitu mweusi usio na taa hata moja. Watoto wao watatu walijifunza kuogelea hapo. Arvid alipofariki, watu walidhani Verna ataacha. Kiangazi kilichofuata alipakia hema lile lile kwenye pikapu akaenda peke yake. Shemeji yake, Duane, alipomwambia kwamba mjane wa umri wake hafai kulala na dubu, alimjibu kwamba amelala miaka arobaini na mtu wa ukoo wa Heikkila, sembuse dubu.

Basi mwaka jana, theluji ilipoisha na barabara kukauka, Verna alikwenda akakuta mnyororo.

Ulikuwa mnene, mpya, umefungwa kutoka mti hadi mti kwa kufuli la ukubwa wa ngumi. Katikati ulining'inia ubao: MALI YA MTU. USIPITE. Upande wa kushoto, juu ya kilima, ilisimama nyumba mpya yenye vioo vingi kuliko kuta, nyumba ya daktari wa meno kutoka kusini kwenye miji mikubwa. Jina lake Gordon Tully. Alikuwa amenunua shamba lile kando ya barabara, na alipoona barabara imepita mlangoni kwake akaona ni vizuri iishie hapo hapo.

Verna hakugonga mlango. Aligeuza pikapu akaenda moja kwa moja ofisi ya misitu, kwa Renee Lachance, afisa misitu wa eneo letu, ambaye naye alikula karoti za Verna.

"Barabara ni ya serikali, Mama Verna," Renee alisema. "Hilo halina ubishi. Lakini dokta ameleta ombi ifungwe. Anasema inapita kwenye shamba lake, na huko mwisho haiendi popote, hakuna anayeitumia."

"Haiendi popote? Mimi huwa naenda wapi, mbinguni?"

"Najua. Ila wakubwa wanaamua majani yakianza kupukutika. Wakiona kweli hakuna mtumiaji, wataifunga. Kutunza barabara ni gharama, wao wanatafuta sababu tu. Na mpaka waamue, mimi siwezi kuugusa ule mnyororo."

"Kwa miguu naruhusiwa kupita?"

Renee alimtazama ile nyonga. "Kwa miguu hakuna wa kukuzuia."

Hapo ndipo hasira ya Verna ilipotulia, na aliyemfahamu alijua kwamba Verna aliyetulia ni wa kuogopwa. Kumbe shida ilikuwa ndogo hivyo. Ziwa likikaa tupu kiangazi hiki, limekwenda. Lisipokaa tupu, limebaki. Jioni ile alimpigia Duane simu amletee toroli la bustani.

"La nini, shemeji?"

"La kubebea hema. Pikapu nitaiacha kwenye mnyororo."

"Ni mwendo ule. Na mguu wako huo?"

"Mguu ni wangu, Duane. Wewe leta toroli."

Alilisukuma toroli mwenyewe, akipumzika kwenye kila kisiki, na alipopita chini ya ile nyumba ya vioo aliimba wimbo wa kanisani kwa sauti ya juu, kwa makusudi mabaya kabisa. Alikaa wiki zake mbili. Siku ya kuondoka ilipofika hakuongeza hata usiku mmoja, maana kuvunja utaratibu ndiyo zawadi ambayo Tully angeipokea kwa mikono miwili. Lakini kabla hajafunga hema, alikwisha kuja fundi bomba na mkewe, kwa zamu aliyowapangia Verna, wamebeba godoro kichwani. Baada yao wakaja walimu wawili wa shule. Kisha Duane mwenyewe, aliyelalamika juu ya mbu kuanzia mlangoni kwake hadi ziwani na kurudi. Kiangazi chote Ziwa Hanna halikukosa moshi. Watu ambao hawakuwa wamelala msituni tangu utoto walikumbuka ghafla kwamba wanapenda sana kulala msituni.

Tully alipita mara kwa mara akisimama kwa mbali na miwani yake ya jua. Alikuwa anajifunza.

Mwezi wa nane zamu ilirudi kwa Verna. Aliyekuwepo kabla yake alikuwa mchungaji, na mchungaji aliitwa msibani akaondoka siku moja mapema. Hiyo siku moja ndiyo iliyoponza. Verna alipofika na toroli lake alikuta hema la rangi ya machungwa limesimama katikati ya uwanja wa nyasi, hema la bei, lenye hata kibaraza. Mbele yake kwenye kiti cha kukunja alikaa Gordon Tully, anakunywa kahawa.

"Karibu, mama," alisema kwa adabu. "Bahati mbaya nimekutangulia."

"Wewe una nyumba pale juu. Ina vyumba sita."

"Saba. Lakini usiku hewa ya hapa ni nzuri zaidi." Akanywa kidogo. "Nina wiki mbili, si ndiyo? Halafu atakuja mdogo wangu, naye ana wiki mbili. Halafu majani yatapukutika."

"Toka hapo," Verna alisema. "Hapo ni pangu."

Neno lilishatoka. Tully aliweka kikombe chini polepole kama mtu aliyeokota kitu cha thamani njiani.

"Pako? Basi mama, tuko wawili. Mimi nilisema pangu ukanijazia watu kiangazi kizima. Tofauti yetu ni nini?" Kisha alinyanyua mkono akaupunga. "Huo si ndio utaratibu wenu? Ukikuta mtu, unapunga mkono, unakwenda mbele."

Verna alishika toroli akaenda mbele. Alichokipata ni kipande cha ardhi chenye unyevunyevu, kati ya mizizi, ambapo mbu walimpokea kama ndugu aliyepotea. Alipiga hema pale na akakaa ndani yake mvua ikinyesha mchana kutwa, akila pasti baridi, ile mikate yetu iliyojazwa nyama na viazi. Aliumia. Si kwa kunyang'anywa nafasi, nafasi hunyang'anywi pale usipokuwa na yako. Aliumia kwa sababu Tully alisema kweli. Miaka yote ile alikuwa akilipenda ziwa lile mpaka akasahau kwamba hakuwahi kupewa. Alijitukana kwa Kifini, lugha ya bibi yake, ambayo matusi yake yanamtosha mtu hata akiwa na makosa makubwa kuliko hayo.

Siku ya tatu mvua ilikatika. Verna alitoka kuanika soksi, akamwona Tully kwa mbali, amelowa, ndevu zimemwota, anahangaika kuwasha moto kwa kuni mbichi. Alimtazama muda mrefu. Halafu akaanza kucheka peke yake, mpaka ikabidi ashike mti. Akatwaa kuni kavu zake kwapani, akamwendea.

"Chukua. Hizo zako hazitawaka hata ukizisomea misa."

Tully alizitazama kama zina sumu. "Za nini?"

"Huo pia ni utaratibu. Na hicho chakula chako kitoe hemani, kining'inize mtini, juu. Dubu hajali wewe ni dokta."

"Asante," alisema, bila kuelewa, na kuni akapokea.

Hawakuwa wamekaa sana pale motoni Renee alipotokea kwa miguu, na nyuma yake mwanaume na mwanamke vijana, wageni, mmoja amebeba mtoto mgongoni.

"Nimewakuta kwenye mnyororo," Renee alisema. "Wametoka mbali, waliliona ziwa kwenye ramani. Na mimi nimekuja kuangalia kama kuna anayepatumia. Ripoti ya mwisho."

"Andika panatumika," Verna alisema. "Shahidi wangu ni dokta."

Tully alinyanyua kichwa.

"Amelala hapa usiku wa tatu sasa," Verna aliendelea, akichochea moto. "Aliandika kwa mkono wake kwamba hakuna mtu anayekuja huku. Sasa huyu ni nani? Kaja kwa barabara ile ile, kalala nyasi zile zile, anahesabu wiki mbili zake kama mimi. Ardhi ingekuwa yake, angehesabu?"

Renee hakuwa mtu wa kucheka kazini, lakini midomo aliibana.

"Dokta, nikuulize rasmi," alisema. "Hapa umelala kama mwenye ardhi?"

Tully alitazama hema lake, akatazama njia ya kwenda nyumbani kwake, na ilikuwa wazi kwamba anapima kila jibu na hakuna lililomfaa. Kusema ndiyo mbele ya afisa misitu, kwenye ardhi ya serikali, lilikuwa jambo la mahakamani.

"Hapana," alisema.

"Kama nani, basi?"

"Kama mtu yeyote. Nina haki."

"Unayo," Renee alisema. "Na ulichokiandika kwenye ombi lako siyo kweli, umesema mwenyewe. Ombi la uongo halifiki kwa wakubwa, kwa hiyo mnyororo unatoka leo."

"Na akimaliza kuutoa arudi hapa akae," Verna alidakia. "Wiki zake hazijaisha. Asisukumwe na mtu. Lakini autoe kwa mkono wake."

Walikwenda wote mpaka kwenye mnyororo, Verna nyuma akiburuta mguu, amekataa kushikwa mkono. Tully alitoa ufunguo. Kufuli lilishaanza kushika kutu kwa mvua, likamsumbua, na hakuna aliyemsaidia. Mwishowe mnyororo ukaanguka njiani. Akauvuta kando, akang'oa na ule ubao, akasimama nao kwapani.

Wale vijana walikwisha kuingia garini. Yule mwanamke akashusha kioo. Aliyemwona karibu alikuwa Tully, na wala hakujua lolote la kiangazi kile.

"Samahani, mzee. Tukitaka kulala kule, tumwombe nani? Pale ni pa nani?"

Tully alimtupia Verna jicho. Verna alikuwa anajifuta jasho shingoni na hakuonyesha dalili yoyote ya kumsaidia.

"Ni pa yeyote," Tully alisema, kama mtu anayeng'olewa jino bila ganzi.

"Ongeza sauti, dokta," Verna alisema. "Injini inanguruma, hawakusikii."

Akarudia.