Mashine Isiyojua Kusaidiana

Ukucha wa pili wa Bi Mwatum ulipopondwa kazini, mwaka 1991, meneja wa kiwanda cha sabuni hakuuliza mashine ina nini.

"Mzembe huyo," alimwambia fundi wake. "Mpaka kesho nnataka jawabu, Tamim. Ukikosa, arudi kwao Uroa akalime mwani."

Tamim, fundi umeme wa Jang'ombe, ndiye aliyeifunga mashine hiyo ya kupiga sabuni muhuri. Ilikuwa na vitufe viwili vilivyoachana. Chuma cha muhuri hakishuki mpaka vibonyezwe vyote kwa pamoja, na mikono iliyoshika vitufe haiwezi kuwa chini ya chuma. Basi ukucha ulifikaje humo? Alifungua sanduku la nyaya, akapima, akafunga. Alibonyeza kimoja: kimya. Alibonyeza vyote: kikashuka. Alirudia mara arubaini, akainuka amechanganyikiwa kama mtu aliyehesabu vidole vyake akapata sita.

Mwisho aliketi kuwatazama wenyewe kazini. Bi Mwatum kabonyeza kitufe cha kushoto. Mwenzake, Nasima, cha kulia. Mikono yao iliyobaki ilikuwa ikinyoosha sabuni chini ya chuma.

"Bi Mwatum! Nani kakufunzeni hivi?"

"Kwani hili la kufunzwa? Mwenzangu ahangaike na viwili, mie nimekunja mikono? Si adabu, mwanangu."

"Fundi kazoea peke yake," Nasima akacheka. "Atajuaje?"

Kweli, mara zote arubaini alikuwa peke yake.

"Wapige marufuku," meneja alisema alipoelezwa.

"Wema haupigwi marufuku kwa tangazo, bwana. Kosa langu: nilifunga mashine ya mtu mmoja, ukaweka wawili. Kumfukuza yeye ni dhulma, na mimi sitoinyamazia."

Siku hiyo hiyo aliongeza vitufe viwili. Sasa chuma hakishuki mpaka mikono yote minne iwe juu ya vitufe, na mkono wa kwanza kuondoka hukisimamisha.

Asubuhi ya pili meneja alisimama kando, na barua ya kumwachisha Bi Mwatum kazi mfukoni. Sabuni thelathini zilipigwa muhuri. Hapakuguswa hata kidole.

"Na pua ikiniwasha, fundi?" Bi Mwatum aliuliza.

Chuma kilikuwa kimeshaanza kushuka. Nasima akaachia kitufe kimoja, akamkuna mwenzake pua.

Chuma kikasimama hewani. Meneja akatazama chuma, akatazama pua, akaichana barua.