Aliyeambiwa Asubiri

Ofisini kwa imamu, Doornfontein, tulikuwa wanne: imamu mwenyewe, ambaye hapa huitwa maulana, mwanamke wa Tanga aliyeomba ndoa yake ivunjwe, shemeji yake, na mimi, niliyekuja kupanga siku ya ndoa ya mjukuu wangu.

"Mume lazima aje," alisema maulana.

"Yuko Durban na mke mwingine. Simu zangu hapokei."

Shemeji akacheka. "Talaka si karanga, shemeji, za kuomba njiani."

"Nami si koti la kakako, aliache msumarini."

Maulana akashusha macho. "Subiri, dada. Subira ni imani."

"Imani ya mke peke yake, maulana?"

Nimesikia hotuba nyingi juu ya subira. Sikumbuki hata moja iliyowaelekea waume.

Mwanamke yule amefariki Jumatatu, akiwa bado mke wa mtu.