Wimbo wa Kumwogesha Atieno

Harufu ya sabuni ya mche ikichanganyika na moshi wa samaki hunirudisha Sori, kando ya ziwa, kwenye ua wa Dani, bibi yetu mzaa mama. Huko ndiko tulikopelekwa mimi na mdogo wangu Atieno baada ya kumzika mama. Mimi nilikuwa na miaka tisa. Atieno alikuwa hajaanza hata kutambaa.

Alikua, akatembea, akakimbiza kuku wa watu, lakini neno hakutoa. Wanawake waliokuja kununua samaki wa mbuta walimwita bubu mbele yake, kana kwamba alikuwa kiziwi pia.

Mchana mmoja, ziwa likiwa limetulia tuli, nilimsikia mama akiimba nyuma ya jiko. Ulikuwa wimbo wake wa kutuogesha, aliotunga mwenyewe kwa Kijaluo, ukitaja jicho, sikio, pua, mpaka vidole vya miguu. Hata kile kikohozi chake cha katikati nilikisikia. Nikamkimbilia Dani.

Dani akanishika mkono, tukachungulia. Atieno alikuwa amekaa peke yake ndani ya beseni kavu, akijisugua sikio na kuimba.

Jirani mmoja alisema mtoto ameingiliwa na marehemu, wimbo ule usisikike tena.

"Mtoto amepata mdomo, halafu niufunge?" Dani akamjibu.

Tangu hapo alimwogesha mwenyewe. Aliimba polepole, na akifika kwenye jina la kiungo ananyamaza, anamtazama. "Wang'," Atieno anamalizia, akigusa jicho. Baadaye Dani akaingiza kwenye wimbo maji, kuku, moto. Siku Atieno aliponiita jina langu bila wimbo wowote, nilikimbilia chooni nikalia.

Leo anauza viatu sokoni Rongo, na mteja hapati nafasi ya kusema.

Mimi nilibaki na hofu ya ile sauti mpaka nilipojifungua. Dani alikuja kunitembelea, akanikuta namwogesha mwanangu, akaganda mlangoni.

"Ndiyo hiyo," akasema.

"Nini, Dani?"

"Sauti ya mama yako, hiyo unayoimbia sasa. Ulikuwa ukimwimbia Atieno hivyo hivyo kila ukimwogesha. Hukujua?"

Sikujua. Nilidhani miaka ile nilikuwa kimya.

"Na kikohozi?"

"Chako pia. Ulikohoa pale pale alipokohoa mama yako. Niliogopa kukuambia, usije ukaacha."

Kumbe mimi ndiye niliyemfundisha mdogo wangu kusema, kwa sauti ambayo mpaka leo, nikiitafuta makusudi, haiji.